Bi Mkubwa wa Betri

Ukiingia dukani kwake mkono ukiwa mfukoni, Bi Mkubwa alikuambia uutoe polepole pamoja na kila kilichomo. Hakukusalimu kwanza. Ulimwaga vitu vyako juu ya kaunta, funguo, sarafu, simu, kalamu, naye akavikagua kwa macho kimoja kimoja. Akikuta betri imelala pamoja na funguo alivuta pumzi, akaichukua kwa vidole viwili, akaitia kwenye kikasha cha plastiki na kukifunga. Hapo ndipo aliposema, "Haya, karibu mwanangu. Habari za nyumbani?"

Duka lake lilikuwa Coventry Road, mtaa wa Small Heath hapa Birmingham, limebanwa kati ya muuza vitambaa wa Kipakistani na mgahawa wa Kisomali uliotuletea harufu ya wali na hiliki kupitia ukutani. Bango la nje lilisema simu, chaja na matengenezo. Halikusema zaidi. Sigara za umeme, vepu kama sote tunavyoziita, zilikaa upande wa nyuma, zimefichwa na leso aliyoitundika kama pazia. Alikuwa mtu wa swala tano, na wanawake aliokuwa akiswali nao walijua anauza vioo vya simu. Sisi wengine tulijua njia ya kupita nyuma ya leso.

Jina lake nalijua, ila sitaliandika. Yu hai, na hapendi kusemwa. Wazanzibari wenzake walimwita Bi Mkubwa, nasi Wakenya na Wakongo tuliokuwa tukinunua kwake tukaliokota. Mimi nikiwa mbele yake nilimwita Mama.

Sigara niliianzia hapa Birmingham. Kule Nakuru sikuwahi kuishika. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao: unamwogesha mmoja, unampa dawa, unampikia uji, unaandika ulichofanya, unaingia kwenye gari kwenda kwa mwingine. Kati ya nyumba na nyumba kuna dakika chache ambazo huna mtu wa kuzungumza naye, na majira ya baridi dakika hizo ni ngumu. Ndani ya miaka miwili nilikuwa navuta pakiti kwa siku na kutafuna karafuu kabla ya mazoezi ya kwaya. Pale kanisani kwetu aliyejua alikuwa Wycliffe peke yake. Tulikuwa tukipanga nyumba moja, naye alivuta pia.

Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa Bi Mkubwa. Nilimwambia nataka kuacha sigara, na nataka betri kubwa kuliko zote alizonazo, ikae kutwa nzima nisiifikirie. Hakunipa. Alivuta kigoda akaniuliza maswali kama daktari: zamu inaanza saa ngapi na kwisha saa ngapi, nina gari au napanda basi, navuta pumzi fupi au ndefu, naweza kuchaji mahali mchana. Kisha akaweka betri nne mbele yangu, zote za urefu mmoja na unene mmoja, kila moja na rangi yake.

Alinieleza kwamba umbo likiwa la ukubwa ule, umeme unaoingia ndani una mwisho wake, na anayeandika namba kubwa kuliko hapo juu ya ganda anaandika ndoto zake. Akaniambia kuna namba ya pili ambayo watu hawaiulizi, ile inayosema betri inaweza kutoa umeme kiasi gani kwa mkupuo mmoja bila kupata moto. Mara nyingi betri inayokaa sana haipendi kukimbizwa. Mtu wa pumzi ndefu akinunua kwa kutazama muda tu, anaichosha, na betri iliyochoka hupata joto. Mwishowe alinichagulia mbili za wastani, nizitumie kwa zamu, moja kazini na nyingine ikipumzika kwenye kikasha.

"Kila mtu anataka betri kubwa," alisema. "Mimi nakupa betri ya kweli."

Zilinitosha. Sikuishiwa umeme hata siku moja nikiwa kazini, na kufikia Pasaka nilikuwa nimeacha kununua sigara. Nilipompelekea habari hiyo hakunipongeza. Aliniuliza lini nitaacha na hicho kingine.

Hapo ndipo ilipokuwa shida ya kumwelewa. Aliuza vepu na kuzichukia. Hakuna aliyeruhusiwa kupuliza moshi dukani mwake, hata wa kujaribu ladha. Mumewe, aliyefungua duka lile na kumfundisha kutengeneza simu, alivuta sigara mpaka kifua kikamgeuka. Mwishoni alihamia kwenye vepu, na Bi Mkubwa alikuwa akisema kwamba miaka ile miwili ya mwisho mzee alipanda ngazi za nyumbani bila kusimama katikati. Basi hilo ndilo alilolishika. Alipofiwa aliendelea kuuza, akisoma usiku na mchana habari za betri, na kila alipouza alijiuliza kama anamwondolea mtu sigara au anampa ugonjwa mwingine. Aliniambia hivyo mwenyewe, akifuta kaunta. Vijana aliwafukuza. Wenye ndevu pia aliwadai kitambulisho. Mwanamke mjamzito alimkatalia katakata, kisha akamtengenezea chai na kukaa naye.

Alikuwa na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, ingawa kucha zake hakuzipaka kamwe. Ilikuwa ya betri. Kifaa kinachotumia betri mbili kilitaka mbili zilizonunuliwa siku moja, zichajiwe pamoja, zichoke pamoja na zistaafu pamoja, basi alizitia alama moja kila jozi zisije zikachanganywa na nyingine. Ganda la plastiki likichanika alilivua na kuvisha jipya, akalipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka likabana. Kazi hiyo aliifanya bure. Kwake betri iliyochanika ilikuwa betri uchi, na hakukubali mtu atoke dukani mwake na kitu kiko uchi mfukoni.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mkali kupita kiasi, na katika mambo madogo hakujua kuomba radhi. Aliwahi kuniuzia chaja isiyo yangu. Nilipoirudisha aliibadilisha huku akiulaumu mwanga wa duka. Binti yake, mfamasia aliyekaa Harborne, alikuja kila Jumamosi kumsihi afunge duka apumzike. Binti alisema kwa Kiingereza cha hapa, mama akajibu kwa Kiswahili cha Unguja, wakaenda hivyo saa nzima bila hata mmoja kuhamia lugha ya mwenzake. Jioni binti aliondoka amekasirika na bakuli la biriani mkononi.

Wycliffe nilimpeleka mimi. Alikuwa mtu wa mzaha, hakuweza kukaa na mtu mkali bila kumchokoza. Siku ya kwanza alimwita Mathe, kama vijana wa Nairobi wanavyowaita mama zao.

"Mate?" Bi Mkubwa aliuliza. "Mimi nimekuwa mate?"

Tulicheka mpaka jirani wa vitambaa akachungulia. Tangu hapo Wycliffe alikuwa mteja wake mpendwa, ingawa Bi Mkubwa asingekiri. Alimuuliza habari za masomo yake kila alipofika, kwa sababu Wycliffe alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi na alitarajiwa kuanza Septemba. Alikuwa amengoja nafasi hiyo kwa miaka. Usiku nilimsikia chumbani kwake akijisomea majina ya mifupa kwa sauti.

Mwezi wa Ramadhani mwaka ule, msambazaji aliyemzoea alichelewesha mzigo. Mtu mwingine akamletea boksi la betri zenye ganda la zambarau la kampuni yenye sifa. Alizipima tatu kwa mita yake ya umeme. Zote tatu zilitoa chini ya kile kilichoandikwa. Kwa siku za kawaida angelirudisha boksi lile jioni ile ile. Lakini watu walikuwa wamejaa dukani, alikuwa amefunga tangu alfajiri, na alijiambia huenda zimekaa ghalani muda mrefu. Akauza sita kwa watu watatu. Wycliffe alichukua mbili, na kikasha.

Haya ya boksi nilikuja kuyajua baadaye. Yatakayofuata niliyajua tangu mwanzo.

Ilikuwa Alhamisi moja baada ya Idi. Kikasha changu kilikuwa kimevunjika bawaba, kinafunguka mfukoni. Asubuhi nilipokuwa nakunywa chai, nilikiona cha Wycliffe mezani, ndani yake betri yake moja; ya pili ilikuwa kwenye kifaa. Yeye alikuwa bado amelala. Nikaitoa betri yake, nikaiweka mezani kando ya mkebe wa sukari, nikatia yangu, nikaondoka na kikasha. Nilikusudia kukirudisha jioni. Sikuona kama nimefanya jambo lolote.

Wycliffe aliamka amechelewa. Alikusanya vitu vyake mezani kwa mkono mmoja na kuvitia mfuko wa suruali: funguo zetu, funguo za nyumba za wazee wawili aliowahudumia, na betri. Karibu na saa sita mchana, akiwa kwenye basi lililokuwa likipita Coventry Road, funguo zikaunganisha ncha za betri na kuipiga shoti. Mama mmoja wa Kisomali aliyekaa nyuma yake alinisimulia kwamba alisikia mlio kama wa gesi, kisha moto ukatoka pajani mwa yule kijana, naye akawa anaupiga kwa kiganja huku akijaribu kuvua suruali. Mama huyo ndiye aliyemmwagia maji ya chupa na kumfunika kwa shali yake.

Alikaa hospitali wiki tatu. Walimtoa ngozi paja la kushoto wakaibandika la kulia, na kiganja cha mkono kikafungwa. Wageni wote waliokuja kutoka kanisani walisema neno moja, wengine kwa upole, wengine bila upole: kwa nini uliweka betri na funguo? Naye alijibu kwamba alikuwa mjinga. Nilikuwa kando ya kitanda kila aliposema hivyo.

Siku ya pili Bi Mkubwa aliingia wodini. Alikuwa amevaa buibui lake jeusi, mkononi chupa ya chai na vitumbua ndani ya kitambaa. Hakukaa. Alisimama miguuni pa kitanda akamtazama Wycliffe kwa muda, kisha akaanza kusema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya dukani.

Alimweleza juu ya boksi. Alimweleza kwamba alizipima tatu, na alichokiona, na alichojiambia. Alisema kwamba ganda lilikuwa la jina kubwa lakini kilichokuwemo ndani Mungu ndiye anayejua.

"Mathe, ni mimi," Wycliffe alimkatiza. "Niliiweka na funguo. Ulinikataza mara mia."

"Funguo ziliiwasha," alisema. "Labda hata betri njema ingewaka vilevile. Sijui, na sitajua. Lakini mimi niliona namba hazikukaa sawa, na sikukwambia. Hilo ni langu."

Wycliffe alianza kulia. Tangu aungue sikuwa nimemwona akilia. Bi Mkubwa alikaa sasa, akamshika mkono usiofungwa. Baada ya kitambo akauliza, kwa upole kabisa, "Na kikasha nilichokupa, mwanangu? Kilikuwa wapi?"

"Sijui. Asubuhi sikukiona."

Kilikuwa ndani ya koti langu. Nilikuwa nimelivaa. Nilikisikia kikinigusa ubavuni nilipoegemea ukuta, na nilingoja mtu anitazame. Hakuna aliyenitazama. Bi Mkubwa alimimina chai vikombe vitatu, akanipa changu, nikanywa.

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani kwetu. Tunakodi ukumbi wa shule moja, na ibada huanza alasiri. Tulikuwa tumemaliza wimbo wa pili alipotokea mlangoni na buibui lake, amebeba ndoo iliyojaa mchanga nusu. Mchungaji alimfuata wakanong'onezana, kisha akampa kipaza sauti. Hakukijua, alikishika kama tochi na kusema bila kukitumia.

Alisema ameuza betri mbaya, za ganda la zambarau, na anazitaka zirudi. Mbili zilikuwa za kijana wenu aliyeko hospitali. Nne nyingine ziko kwa watu wawili ambao sura zao anazikumbuka lakini makao yao hayajui, na anajua kwamba mmoja aliimba nyimbo za kanisa dukani mwake huku akisubiri. Hamwulizi mtu anazitumia wapi wala kwa nini. Ndoo itakaa nje ya mlango. Na mtu yeyote mwenye betri yoyote ya kutoka dukani mwake, ya rangi yoyote, asiyeiamini tena, ailete humo pia.

Watu walitazama sakafu. Mzee mmoja wa kanisa alikohoa. Kila mmoja wetu alijua kwamba atakayeinuka ameungama mbele ya wote. Mimi betri zangu zilikuwa kwenye koti. Hazikuwa za zambarau, lakini alikuwa amesema rangi yoyote, na nilizihofu. Sikuinuka.

Aliyeinuka alikuwa mama wa sauti ya pili kwenye kwaya yetu, mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyetufundisha nusu ya nyimbo tunazoimba. Alipita katikati ya viti na mkoba wake, akatoka, tukasikia kitu kikianguka mchangani mara mbili. Aliporudi alikaa mahali pake na kufungua kitabu cha nyimbo. Wakafuata wengine watano. Mimi nilingoja mpaka ibada iishe na watu watawanyike, nikazitumbukiza zangu bila kusimama. Bi Mkubwa alikuwa kwenye kiti kando ya ndoo. Aliniambia, "Ahsante, mwanangu." Laiti asingesema.

Huko msikitini alikoswali alifanya vilevile, ingawa sikuwepo. Nilisikia aliwaambia wanawake wenzake kilichokuwa nyuma ya leso miaka yote ile. Baadhi yao waliacha kumpitia dukani. Mtu wa tatu aliyenunua za zambarau alipatikana huko, mume wa rafiki yake, na betri zake zote mbili zikarudi zikiwa salama. Kisha akawaita yeye mwenyewe watu wa halmashauri wanaokagua bidhaa, akawapa boksi na jina la aliyemletea. Walizichukua betri zake zote, nzuri na mbaya, na kumwandikia barua ya onyo. Mwuzaji yule hakupatikana. Wauza vepu wengine wa sehemu ile walimcheka, wakasema kijana mwenyewe alikubali kosa, nani alimtuma? Alibaki akitengeneza simu tu mwaka mmoja hivi, halafu binti yake akamchukua.

Wycliffe hakuanza masomo Septemba. Waliahirisha nafasi yake kwa mwaka, na mwaka ulipofika kiganja kilikuwa hakijafunguka sawasawa na paja lilimvuta akisimama muda mrefu. Akaiacha nafasi. Siku hizi yuko ofisini kwenye ghala moja, anapanga safari za malori, ameoa, anaishi Hodge Hill na ana mtoto mmoja. Tulipohama nyumba ile kila mtu alikwenda zake. Bado hunipigia simu siku yangu ya kuzaliwa. Bado husema, akiwasimulia watoto wa kanisa, kwamba ujinga wake ulimgharimu.

Bi Mkubwa mimi nilimkimbia. Miezi ile duka lilipokuwa bado wazi nilipita upande wa pili wa barabara. Alipohamia Harborne nilipumua. Nilidhani kinachoniuma ni kumwona tu.

Nilimwona majira haya ya kuchipua. Mmoja wa wazee ninaowahudumia anakaa karibu na High Street ya Harborne, na nilikuwa natoka kwake mchana, jua limewaka kidogo, watu wamejaa nje ya mikahawa. Kwenye benchi la kituo cha basi alikaa bibi mwenye buibui, jicho moja limezibwa kwa kitambaa cheupe. Ningeweza kupita. Nilisema shikamoo kabla sijaamua kusema.

Aliitambua sauti. Alinivuta kwa mkono nikae, akaniuliza habari za Nakuru, za kifua changu, kama niliacha. Nikamwambia niliacha yote, tangu siku ya ndoo. Alikuwa anatoka hospitali, alikotolewa mtoto wa jicho, na binti yake alikuwa amemwambia asubiri gari lakini yeye alitaka basi. Amekonda. Mkono wake mmoja, uliokuwa ukivua ganda la betri, ulibaki mkononi mwangu, mkoba ukiwa mapajani mwake.

Aliniuliza habari za Wycliffe. Kumbe humpigia kila Idi, na kila Krismasi. "Haniambii kweli," alisema. "Ananiambia mguu hauumi. Wakati wa baridi unamuuma?"

Nikasema unamuuma. Alitikisa kichwa. Akasema kwamba katika yote aliyoyafanya duniani hakuna linalomjia kama lile. Kwamba huamka kabla ya alfajiri akiziona namba za ile mita, wazi kabisa, kama zimeandikwa ukutani, na hujiuliza ni mtu gani anayeona namba kama zile na kumpa mtoto wa mwenzake.

Nikamwambia kuhusu kikasha.

Nilimwambia yote, bawaba, meza, mkebe wa sukari, koti. Nilimwambia kwamba alipouliza kule wodini kilikuwa mwilini mwangu. Sikumtazama. Basi moja lilikuja, likafungua mlango, likaondoka.

Aliuondoa mkono wake kutoka kwangu, taratibu, akauweka juu ya mkoba.

"Miaka minne," alisema. "Miaka minne nimelala na ile betri peke yangu."

Nilisema nisamehe, Mama. Alinyanyua kidole kunizuia.

"Mimi nitakusamehe, in shaa Allah. Sijui lini. Leo nimechoka, na jicho linaniuma." Aliutafuta mkongojo wake, nikamshikisha. "Lakini usiniambie mimi. Mguu si wangu."

Basi lake lilipofika nilitaka kumsaidia kupanda. Alimpa mkono dereva, si mimi.

Nilikuwa na mzee mmoja wa kumhudumia saa tisa, nikapiga simu kazini wamtafutie mtu. Niliendesha mpaka Hodge Hill, nikaegesha mbele ya nyumba ya Wycliffe, na kukaa ndani ya gari mpaka mkewe akachungulia dirishani. Wycliffe alifungua mlango yeye mwenyewe, mtoto amemng'ang'ania mguu wa kushoto. Alifurahi. Alisema niingie, chai iko jikoni, mbona sikumwambia nakuja.

Nikamwomba anisikilize pale pale mlangoni, kwa sababu nikishakaa na kunywa chai yake sitaweza tena. Alinitazama usoni. Kisha akamwinua mtoto, akampeleka ndani kwa mama yake, akarudi na kuufunga mlango nyuma yake, tukabaki wawili tu kizingitini.

"Sema," aliniambia.